Mtoto Asiyejua Kukataa

Ukoo wa marehemu Venant ulikuwa na wajuaji wengi kuliko senene wa Novemba, na wote walijua njia ya kwenda kwa mjane wake. Noela, binti pekee wa Modesta, alipofeli mtihani wa mdomo wa urubani, walipanda mlima wa mawe mmoja baada ya mwingine, wakakaa barazani, wakanywa chai, wakaeleza. Shangazi mmoja alisema mtoto ametupiwa jicho. Binamu fulani, ambaye maishani mwake hakuwahi kupanda kitu kirefu kuliko bodaboda, alionyesha kwa mikono miwili jinsi ndege inavyoshikiliwa na hewa, na jinsi mwanamke asivyoweza kuitawala hewa hiyo. Modesta aliwamiminia chai na kuwatazama midomo. Alikuwa na tabia hiyo tangu utoto, ya kumtazama mtu mdomo badala ya kumsikiliza, na mara nyingi ilimtosha.

Aliyewazidi wote ni Mzee Rugambwa, kaka mkubwa wa marehemu. Alikuwa mkaguzi wa shule. Alistaafu zamani, lakini ukaguzi haukumtoka. Aliingia nyumba za watu akiwa na kalamu mfukoni, akatazama dari, akatazama vyombo, akatikisa kichwa kama anayeandaa ripoti. Yeye alisema tatizo ni Kiingereza. Kwa Mzee Rugambwa tatizo lilikuwa Kiingereza siku zote. Ndoa ya mtu ikivunjika, kuku wakifa, meli ikichelewa, palikuwa na Kiingereza mahali fulani ambacho hakikusemwa sawasawa.

"Waitu, Modesta," alisema, "mtoto wa Kihaya kushindwa kujieleza mbele ya mzungu ni aibu ya ukoo."

"Mtahini si mzungu, shemeji. Anaitwa Kapteni Mhoja. Ni Msukuma, kwao hapo Usagara."

"Basi ndiyo mbaya zaidi," alisema Mzee Rugambwa, akasogeza kikombe kiongezwe.

Modesta alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule kwenye baraza ya nyumba yake huko Ilemela, nyumba iliyobanwa kati ya mawe mawili makubwa kama jino lililoota vibaya, na kutoka kwenye kiti chake aliona uwanja wa ndege wote, na nyuma ya uwanja, ziwa. Hakuichagua nyumba kwa ajili ya ndege. Venant aliijenga pale kwa sababu viwanja vya tambarare vilikuwa na wenyewe. Lakini Noela alikua akiona ndege zikipita karibu usawa wa macho yake, na labda ndiyo maana alidhani kuruka ni jambo la kawaida, kama kuvuka barabara. Modesta mwenyewe hakuzipenda ndege hata kidogo. Watu wa kando ya ziwa hili wana kumbukumbu zao za ndege na maji, hawangoji kukumbushwa na mtu. Kila ndege ilipoondoka aliusimamisha mguu juu ya pedeli mpaka mlio upotee kabisa ng'ambo, ndipo akaendelea na pindo. Alitaka mtoto awe nesi. Alimwambia hivyo mara nyingi, na kila mara Noela alijibu, "Sawa, mama," kisha akarudi kwenye vitabu vyake vya upepo na mawingu. Hapana hakusema. Hakuna mtu aliyewahi kusikia neno hilo likitoka kwa mtoto yule.

Na sasa alikuwa ameshafika mbali, unesi haupo tena. Mitihani ya kuandika aliimaliza, saa za kuruka alikuwa nazo, leseni ya kujirusha mwenyewe alikuwa nayo. Iliyobaki ni ile ya biashara, inayomruhusu rubani kubeba watu na kulipwa. Hiyo haitolewi mpaka mtahini akukalishe mezani akuulize kila kitu kinachoweza kutokea kati ya mbingu na ardhi. Akiridhika, mnatoka mkaruke. Ukishindwa mezani, ndege haiguswi. Siku ile ya kwanza Modesta alikaa na sketi ya mtoto wa watu mkononi mpaka jioni, akitazama uwanja, na kile kindege cheupe ambacho Noela alimwonyesha kilibaki pale pale kimefungwa kamba kama mbuzi.

Kampuni ndogo ya pale uwanjani, ambako Noela alikuwa akipima mizigo na kupanga abiria, ilimwekea nafasi ya urubani. Mwenye kampuni alimwambia kwamba Kapteni Mhoja atarudi Mwanza mwisho wa mwezi. Akishindwa tena, atamchukua kijana wa Arusha ambaye leseni anayo tayari. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekutajia saa.

Noela hakueleza alichokosea, na Modesta hakuuliza. Alimtazama tu. Aliona mtoto anakula, analala, vitabu anafungua, lakini akiitwa anaitika haraka mno, kama mtu aliyekamatwa. Jumamosi moja wakimenya ndizi nyuma ya nyumba, wenyewe wawili, Noela akaanza kusema bila kuinua macho kwenye kisu.

"Asubuhi nzima aliniuliza kwa Kiingereza, mama. Injini, mafuta, sheria, hali ya hewa. Vyote nilijibu. Halafu akafunga kitabu, akaegemea kiti, akaanza Kiswahili."

Alichosema Kapteni ni hiki. Alimwita "binti yangu." Akasema, mimi ni mzee sawa na baba yako, nimefiwa na mdogo wangu hapa Mwanza. Jeneza liko uwanjani, maziko ni leo Bukoba, padri ameshavaa. Ndege yako ina uzito wake, na sisi tumezidi mtu mmoja, lakini huyo aliyezidi ni mama wa marehemu, hawezi kuachwa. Ziwa limefunga mawingu, naona. Lakini wewe ni mtoto wetu, ziwa unalijua. Utatufikisha, binti yangu?

"Ukasemaje?"

"Nikasema, nitajitahidi, mzee."

Modesta alitafuta kosa katika jibu hilo na hakuliona. Hivyo ndivyo anavyojibiwa mzee aliyefiwa. Yeye mwenyewe angejibu hivyo hivyo, angeongeza na pole.

"Sasa alitaka useme nini?"

"Alitaka niseme hapana. Aliandika, halafu akaniambia, 'Umewaua wote, binti yangu, na marehemu umemuua mara ya pili.'"

Modesta alisema kwamba huyo Kapteni hana haya, mtu mzima kuchezea msiba ili kumnasa mtoto wa mwenzake. Alisema kwamba kama hiyo ndiyo elimu yao ya hewani basi ni elimu ya wahuni. Noela hakumtetea Kapteni, wala hakukubaliana na mama yake. Aliendelea kumenya. Ndipo Modesta alipoona kwamba mikono ya mtoto ilikuwa imeshamaliza ndizi zake na ilikuwa inamenya zile za mama yake, bila kuombwa.

Mzee Rugambwa, ambaye hakuambiwa lolote kuhusu jeneza, aliunda kamati. Mtu mwingine angeona kwamba mtihani hauna haja ya kamati, kwa kuwa hauna ukumbi, hauna pilau wala mshereheshaji. Lakini Mzee Rugambwa alikuwa hajakalia kiti cha uenyekiti tangu harusi ya mwisho katika ukoo, na kiu ilimzidi. Alifungua kundi la simu, akaliita Kamati ya Ushindi wa Noela, akajiteua mwenyekiti, na kwa kuwa hakuona mwenye mwandiko, katibu pia. Wajumbe walituma picha za ndege kubwa za watu wengine na mikono iliyokunjwa kwa sala. Na jioni, mwenyekiti alikuja mwenyewe kufundisha.

Alimkalisha Noela kwenye kigoda, yeye akachukua kiti chenye mikono. Alimtaka ataje sehemu za ndege kwa Kiingereza, kuanzia mbele kwenda nyuma, kisha kuanzia nyuma kwenda mbele. Alimsahihisha matamshi. Alimwambia anyanyue kidevu, atoe sauti tumboni, aanze kila jibu kwa kumshukuru mtahini kwa swali lake zuri. Noela alisema sawa, baba mkubwa. Jioni moja Mzee Rugambwa akatoka kwenye Kiingereza akaingia kwenye anga lenyewe. Alisema rubani asihangaike na mawingu meupe, hayo ni kama moshi tu, mabaya ni meusi. Modesta, aliyekuwa akitunga uzi kwenye sindano, aliuona mdomo wa mwanawe ukifunguka na kufungwa.

"Sawa, baba mkubwa," alisema Noela.

Mgeni alipoondoka Modesta alimuuliza kama ni kweli kuhusu mawingu meupe. Noela alisema si kweli, meupe mengine yana upepo ndani wa kuivunja ndege.

"Mbona umesema sawa?"

"Si ni baba mkubwa."

Modesta alirudi kwenye cherehani yake lakini hakushona. Hasira zote alizokuwa amemwekea Kapteni Mhoja zilikosa pa kukaa. Alimkumbuka mtoto huyu akiwa darasa la nne, akirudi nyumbani miguu mitupu kwa sababu mwenzake alimwomba viatu. Aliwakumbuka walimu walioandika mtoto ana adabu, na majirani waliosema Mama Noela umelea. Magoti ya Noela yaligusa sakafu kabla shikamoo haijatoka mdomoni. Wageni walilipenda hilo. Walimtuma dukani, walimtuma kwa jirani, walimtuma kuchukua simu iliyokuwa upande wa pili wa kochi. Sasa kuna siku atakuja mmoja wao amefiwa, amevaa suti nyeusi, atamtuma juu ya ziwa lililofunga.

Alimpelekea habari hiyo Ng'washi, yaani Mama Masele, jirani aliyeuza dagaa sokoni Mwaloni, mwanamke mwenye kicheko kilichosikika nyumba ya tano. Ng'washi alisema jambo lenyewe ni dogo, mtoto afundishwe kukataa kama anavyofundishwa kupika. Jumapili alasiri akaja amejifunga khanga ya msiba, akajitupa kwenye mkeka katikati ya baraza, akaanza kulia kwa Kisukuma.

"Mwanangu, nipeleke Bukoba nikamzike mume wangu."

"Una mume Bukoba tangu lini, Mama Masele?" aliuliza Noela, akicheka.

"Nilimficha. Sasa amekufa, nimfiche wapi tena? Nipeleke."

"Hapana."

"Na gunia langu la dagaa."

"Hapana, Mama Masele. Wewe peke yako umeshajaza ndege."

Walicheka mpaka wakakaa chini. Ng'washi alijifuta macho akatangaza kwamba mtoto amefaulu, na Kapteni akitaka ushahidi aje Mwaloni. Lakini Modesta hakucheka sana. Alikuwa amemtazama Noela mdomo, na aliona kwamba ile hapana ilikuwa ya mchezo, nyepesi, kama hapana ya kukataa sukari ya pili. Ng'washi alikuwa mtani. Mtani anakataliwa na kila mtu.

Baada ya hapo Modesta akaweka sheria nyumbani kwake, sheria ambayo mama yake mzazi angeisikia angefufuka. Alimwita Noela akamwambia: mpaka siku ya mtihani, chochote nitakachokuomba, kataa.

"Sawa, mama," alisema Noela.

"Umeshashindwa."

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya kwa wote wawili. Modesta aliomba chumvi, Noela akasema hapana, kisha akainuka kuileta. Modesta alimwambia afagie, akasema hapana huku ameshika fagio. Akimwangalia usoni alishindwa. Akigeuka pembeni aliweza kidogo, kwa sauti ya mgonjwa. Modesta alimkemea kwamba anakataa kama anayeomba msamaha, na mtoto akaomba msamaha. Mara moja tu ilitoka yenyewe. Modesta alimwambia aache kitabu aje ashike kitambaa akate, na Noela, ambaye alikuwa amezama kwenye ramani yake, akasema, "Hapana, mama, bado." Ilikuwa hapana kamili. Modesta alijisikia kama amepigwa kibao. Mkono wake ulishaanza kutafuta ndala. Akajizuia, akakata kitambaa peke yake, kikaenda upogo.

Siku moja kabla ya mtihani, jua likiwa bado juu, gari la kukodi lilisimama chini kwenye mawe na Mzee Rugambwa akapanda. Alikuwa amevaa koti lake la mikutano. Mkononi alibeba kikapu cha Kihaya chenye mfuniko, na hata kabla hajakiweka mezani Modesta alinusa kilichokuwamo, senene wa kukaanga na kahawa ya kutafuna, zawadi ya kumpelekea mkwe au askofu. Noela alikuwa ameshapiga magoti. Mzee aliipokea shikamoo juu juu, akakaa.

Alisema amefanya kazi kubwa. Amepata habari kwamba Kapteni ameshafika kutoka Dar na amefikia hoteli fulani kando ya ziwa. Yeye kama mwenyekiti ameona si vizuri mtoto aingie kesho kama asiye na watu. Kwa hiyo wataenda sasa hivi, yeye na Noela, wamsalimie, wampe heshima yake, amjue mtoto ni wa nani. Si rushwa, alisema, bila mtu kumuuliza. Ni utamaduni. Ingawa kama Msukuma huyo atajua thamani ya senene, hilo lilikuwa jambo jingine.

"Kavae gauni lile la bluu," alimwambia Noela. "Gari linangoja."

Modesta alikuwa kwenye cherehani. Hakuhitaji kusoma zaidi ya darasa la saba kujua kwamba mtahini anayefungua mlango jioni ya kuamkia mtihani akakuta kikapu na mtahiniwa, atafunga mlango, na asubuhi hakutakuwa na mtihani. Maneno yalimjaa kinywani. Shemeji, mtoto haendi, ilikuwa sentensi fupi. Lakini kesho pale mezani yeye hatakuwapo kuisema. Akauma uzi badala yake, akamtazama mwanawe mdomo.

Noela alikuwa bado amepiga magoti. Hakuinuka. Alitazama kikapu, kisha akatazama mikono yake, na Modesta aliona kabisa lile neno likija, aliliona limeshafika kwenye meno: nitajitahidi.

"Baba mkubwa," alisema Noela, "siendi."

Mzee Rugambwa alitabasamu, kama mwalimu aliyesikia jibu la mwanafunzi mwingine. Akamwambia tena kuhusu gauni.

"Siendi, baba mkubwa. Nikienda watanifutia mtihani. Na wewe nakuomba usiende."

"Unaniomba mimi?"

"Ndiyo. Usiende."

Alisema hayo akiwa chini, magoti sakafuni, viganja vimefungamana kama inavyotakiwa. Lakini hakulirudisha neno. Mzee Rugambwa alimgeukia Modesta amwokoe. Modesta alikanyaga pedeli, cherehani ikalia.

Mzee alisema mengi alipoinuka. Alisema marehemu mdogo wake anageuka huko aliko. Alisema siku wakija kuposa, wamtafute baba mkubwa mwingine wa kukaa mbele ya wageni, na hilo halikuwa jambo dogo, kwa sababu Noela hakuwa na mwingine. Akateremka mawe bila kuaga. Modesta alimkimbilia mpaka ukingo wa baraza. Kila kitu alichofundishwa maishani kilimwambia ashuke, ashike mkono wa shemeji yake, aombe radhi kwa niaba ya mtoto.

"Shemeji," aliita, "umesahau senene wako."

Akateremka, akampa kikapu kupitia dirisha la gari, akarudi. Noela alikuwa amekaa sakafuni sasa, akilia, akiuliza kama amefanya vibaya sana. Modesta alimjibu kwamba amefanya vibaya sana, na aende akaoge.

Asubuhi ya mtihani ilianza na jua. Modesta alivuta cherehani mpaka mwisho wa baraza, mahali ambapo hapakuwa na kivuli, ili uwanja uwe mbele yake wote. Kindege cheupe kilikuwa kwenye kamba zake. Alishona, akafumua, akashona. Ndege kubwa ya Dar ilitua, ikaondoka. Saa za adhuhuri zilipita na mlango wa ile ofisi ndogo haukufunguka, na yeye alijiambia kwamba kukawia ni kuzuri, kisha akajiambia kwamba hata ule wa kwanza walikawia.

Ndipo wakatoka. Kwa mbali walikuwa vitu viwili vyembamba, kimoja na mvi. Walikwenda moja kwa moja kwenye ndege. Modesta alisimama. Alimwona mwanawe akizunguka, akigusa bawa, akiinama, akifungua kamba. Mtu aliyeshindwa mezani haigusi ndege, na huyu alikuwa ameishika. Alimwita Ng'washi kwa sauti iliyokatika, na Ng'washi akaja mbio na unga mikononi.

Lakini hawakupanda. Upande wa ziwa, nyuma ya visiwa, wingu lilikuwa linakuja, si jeusi, la kijivu hivi na kichwa cheupe. Yule wa mvi alinyoosha mkono upande huo, kisha upande wa ndege. Noela alisimama mbele yake. Wakasimama muda mrefu. Kisha Noela akainama, akaanza kufunga kamba alizofungua, na wote wawili wakarudi ofisini, yeye akiwa nyuma.

"Labda wamesahau kitu," alisema Ng'washi.

Modesta aliendelea kuutazama mlango wa ofisi. Mvua ilipofika aliingiza cherehani ndani. Simu ililia, alikuwa shangazi, akataka kujua kama mtoto ameruka, na Modesta alikuwa amechoka mno kudanganya. Muda mfupi baadaye kundi la kamati lilianza kutetemesha meza. Mwenyekiti aliandika maneno marefu, ya kusikitika, kwamba kiburi huja mbele na aibu nyuma, kwamba yeye alifanya wajibu wake mbele ya mashahidi. Wajumbe wakaweka nyuso za kulia. Modesta aligeuza simu kifudifudi.

Noela alirudi ameloa mpaka kwenye mifupa. Alivua viatu mlangoni. Modesta alimtazama mdomo na kwa mara ya kwanza hakuweza kuusoma.

"Ndege haikuruka," alisema, kwa kuwa mtu mmoja ilibidi aseme.

"Mimi ndiye niliyekataa isiruke," alisema Noela.

Alieleza akiwa amefunikwa taulo. Mezani Kapteni hakutaja msiba wala jeneza. Aliuliza, akajibiwa, akafunga kitabu, akasema twende. Walipofika kwenye ndege ndipo akaanza Kiswahili. Binti yangu, alisema, kesho asubuhi nasafiri Dar, sina siku nyingine. Hilo wingu liko mbali. Tuzunguke mara moja tu, nisaini, uende kwa mama yako.

"Nikamwambia, hapana, mzee, leo haturuki."

"Akasema?"

"Akarudia. Nikasema hapana. Akasema basi nisimlaumu mtu. Nikaanza kufunga kamba, mama, fundo likakataa. Akainama akanisaidia kulifunga." Noela alivuta kamasi. "Akasema ya mezani nimepita. Kesho alfajiri tunaruka, kabla upepo haujaamka."

"Na safari yake ya asubuhi?"

"Kumbe ni ya jioni."

"Mzee mwongo," alisema Modesta, na lilikuwa jambo zuri kuliko yote aliyowahi kusema kuhusu Kapteni Mhoja.

Kesho yake ziwa lilikuwa kama bati. Kindege kiliondoka kikipiga kelele nyembamba, kikapita usawa wa baraza, kikageuka juu ya maji. Modesta aliweka mguu juu ya pedeli na hakuutoa. Kilizunguka, kikatua, kikaondoka tena, kikazima mlio angani kana kwamba kimekufa, na hapo aliyasema maneno ambayo hayasemwi mbele ya watu. Kisha mlio ukarudi. Kilipotua mara ya mwisho alimwona mwenye mvi akishuka, akampa Noela mkono.

Kabla ya saa nne mwenyekiti alikuwa ameshapiga simu. Sauti yake ilikuwa ya sherehe. Alisema kamati imefanya kazi nzuri, hasa upande wa matamshi. Alisema ya juzi yamekwisha, watu wa ukoo mmoja hawawekeani kinyongo. Na akaongeza, kwa kuwa sasa rubani wamempata, amwambie Noela kwamba sikukuu atampeleka baba yake mkubwa Bukoba, yeye na kamati yote, na yeye mwenyekiti akae kiti cha mbele.

Modesta alikuwa na sare za watu wa shule zilizochelewa. Aliibana simu kwa bega, akanyoosha pindo, akaweka mguu mahali pake.

"Nitajitahidi, shemeji," alisema, akakanyaga pedeli.